Kitanda cha Dereva

Jina la Mjomba Kunguni hakupewa na mama yake. Alilipata ukubwani, kwenye kaunta ya mapokezi ya hoteli ya kitalii yenye nyota tano, mbele ya wageni kumi na wanne waliokuwa wakinywa juisi ya kukaribishwa. Usiku uliotangulia alikuwa amelala, kama kule kunaitwa kulala, kwenye bweni la madereva nyuma ya jiko. Asubuhi akaenda kulalamika kwamba kitanda kina kunguni. Meneja akamjibu kwamba hoteli yao haijapata kuwa na kunguni, labda amekuja nao mwenyewe. Bwana yule hakubisha. Alirudi bwenini na tochi, akapekua mishono ya godoro, akakamata kunguni saba wazima, akawatia kwenye chupa ya jemu na kuifunga vizuri. Kisha akaenda kuiweka chupa juu ya kaunta, katikati ya glasi za juisi.

"Hawa hapa," akasema. "Wanaulizia chumba."

Bweni lilipigwa dawa kabla ya saa sita mchana. Yeye alipigwa marufuku kukanyaga hoteli ile mwaka mzima, na madereva wenzake wakamvika jina ambalo limemganda mpaka leo. Hakulikataa. Alisema afadhali kuitwa kunguni kuliko kuwalisha kimya kimya.

Ni mtu wa miaka hamsini na mitano, mwembamba, mwenye masikio makubwa na sauti ndogo, na amewaendesha watalii mbugani kwa miaka ishirini na minane. Mtaani kwake wanamwonea wivu. "Mwenzetu kazi yako likizo tupu," jirani yake fundi viatu humwambia. Likizo, eti! Wasichojua ni kwamba hoteli ya kitalii ina milango miwili. Mlango wa mbele una zulia, taulo la uvuguvugu la kufutia vumbi, na dada anayetabasamu. Mlango wa nyuma unapita kwenye mapipa ya taka na kuishia bweni la madereva. Wageni wakiondoka huipa hoteli nyota. Mjomba Kunguni naye ana daftari lake ambamo huyapa mabweni kunguni: kunguni mmoja maana yake unaweza kulala, watatu maana yake lala na nguo, watano maana yake kalale garini. Hoteli za nyota tano zenye kunguni watano ni nyingi kuliko unavyodhani.

Kwa vyumba vya wageni, lakini, alikuwa simba. Alijua chumba ambacho maji ya moto hayafiki mpaka wageni wameshachoka kusubiri na kwenda kula. Alijua chumba kilicho chini ya mti wa ngedere, ambako ukiacha dirisha wazi unarudi na kukuta dawa yako ya meno imeshaliwa. Alijua chumba ambacho kwenye picha kinatazama mto, ila ukisimama dirishani kwa miguu yako unatazama tangi la maji. Hakuna mpokeaji wageni aliyeweza kumchezea. Alisimama kaunta kwa sauti yake ndogo, akarudia jambo lilelile mara tano, mara sita, mpaka ufunguo ukabadilishwa. Amewapigania hivyo watu waliosahau jina lake kabla hawajafika nyumbani. Kitanda chake mwenyewe, ukiondoa ile siku ya chupa ya jemu, hakuwahi kukipigania. Ndivyo tulivyo wengi wetu, mzigo wa mwenzio unaubeba kichwani, wa kwako unaumeza.

Kilichombadilisha ni Kocha.

Kocha ndiye aliyewafundisha kazi nusu ya madereva wa kampuni, Mjomba Kunguni akiwamo. Sasa, miaka miwili nyuma, watu wa bima walileta karatasi ambayo madereva waliibatiza fomu ya usingizi. Kabla ya safari yoyote inayozidi saa sita, dereva anasaini kwamba amelala si chini ya saa saba, kitandani, na kwamba yuko timamu. Karatasi hiyo inapigwa picha na kutumwa ofisini, na bila picha hiyo gari halina bima. Siku ya kwanza madereva walicheka mpaka machozi. Kisha wakasaini. Waliolala garini wakasaini, waliokesha wakipigana na mbu wakasaini. Mjomba Kunguni naye alisaini, tena zaidi ya mara mia, maana hapa hatusimulii habari za malaika.

Mwezi mmoja kabla ya safari tunayoisimulia, Kocha alilala garini siku tatu mfululizo, akasaini kama kawaida, akaingia barabarani. Saa nane mchana, barabara imenyooka, jua linawaka, gari likaacha njia taratibu na kujipigiza kwenye kalavati. Mgeni mmoja alivunjika mbavu. Kocha alivunjika mguu mara tatu. Kampuni ilipoulizwa ikatoa ile karatasi: si huyu hapa amesaini mwenyewe kwamba amelala? Uzembe wa dereva. Leseni ikachukuliwa, kazi ikaisha. Mjomba Kunguni alipokwenda kumwona hospitalini, Kocha alikuwa akitazama dari.

"Usingizi sikuuona hata ulivyokuja," alisema Kocha. "Nilikuwa macho, halafu nikawa kalavatini."

Mjomba Kunguni hakulia pale. Alilia nyumbani, jikoni, mkewe akimtazama. Mkewe ni muuguzi wa zamu. "Sisi tukikesha wodini tunapewa siku ya kulala," alimwambia. "Ninyi mnapewa nini? Mnapewa kalamu." Hapo ndipo mume alipoapa kwamba karatasi ile hataisaini tena kwa uongo.

Kuapa jikoni ni rahisi. Jikoni hakuna bosi.

*

Safari yenyewe ilikuwa ya familia moja. Bibi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, kafundisha hesabu miaka arobaini kasoro miwili, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alikuja na mwanawe, mtu wa ofisini mwenye simu mbili, pamoja na mkamwana wake na wajukuu wawili wadogo. Bibi alikuwa amewaaga wanafunzi waliokwenda kuona tembo, amesahihisha insha mia tatu kuhusu tembo, na yeye mwenyewe hajawahi kumwona tembo. Alisema hataki kufa na aibu hiyo.

Walifika hoteli ya mtoni alasiri, na mambo yakaanza vibaya. Familia ilikuwa imeahidiwa vyumba viwili vya kutazama mto. Ikapewa viwili nyuma ya dobi, ambako mashine za kufulia zilinguruma na mvuke uliingia dirishani. Mtu wa simu mbili akaanza kupaza sauti. Mjomba Kunguni akamwomba akae, akasogea kaunta, akasema kwa upole kwamba namba saba na namba nane ziko wazi, maana amepita nje akaona mapazia yamefungwa na viatu havipo. Dada wa mapokezi akasema zina wenyewe. Mjomba Kunguni akasema sawa, basi waje tuwaone. Nusu saa baadaye wajukuu walikuwa wakirukaruka kwenye baraza la namba saba, na viboko wakikoroma chini mtoni.

Ndipo akachukua begi lake akaenda nyuma. Bweni la madereva lilikuwa na kufuli. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, walikaa madereva watatu, wawili wa kampuni nyingine na mmoja wa kampuni yake, mtu mzima mnene waliyemwita Kipara.

"Usisumbuke, Mjomba," akasema Kipara. "Bweni limekuwa stoo. Chungulia."

Akachungulia. Vitanda vilikuwa vimetolewa. Ndani kulikuwa na magodoro mapya ya wageni, yamepangwa mpaka karibu na dari, bado yamevishwa nailoni. Alihesabu thelathini na mawili. Madereva wanne walikuwa nje hawana pa kulaza ubavu, na magodoro thelathini na mawili yalikuwa ndani yamejilalia.

Meneja wa hoteli, kijana nadhifu mwenye shati lililonyooka, alikuwa na jibu tayari. "Ni kwa muda tu, mzee wangu. Vitanda vipya vya wageni vinakuja wiki ijayo. Mtavumilia magarini."

"Mimi nina safari ya mwendo wa saa tisa keshokutwa, na mteremko wenye kona ishirini na kitu. Naomba kitanda."

"Kitanda sina."

"Godoro je? Maana hayo nimeyaona."

"Hayo ni ya wageni."

Akampigia bosi wake. Bosi akasema yuko kwenye kikao, akasema Mjomba Kunguni amezoea makuu, akasema wenzake wote wanavumilia. Ndipo yule mwenye sauti ndogo akasema neno lake, akalisema mara moja tu. "Bosi, nakwambia mapema usije ukasema nimekuvizia. Nisipopata kitanda kufikia kesho usiku, keshokutwa asubuhi kwenye ile fomu nitaandika ukweli."

"Andika uone," akasema bosi, na simu ikakatika.

Usiku ule alilala kiti cha mbele, magoti yamegonga usukani, jenereta ikimtetemesha meno. Alfajiri akawatoa wageni kwenda kuona simba. Mchana fundi wa dobi alimwonea huruma, akamwazima meza ya kupigia pasi. Akaipata nusu saa ya usingizi mtamu kabisa, halafu zamu ya pasi ikaanza na akaamshwa ili mashuka ya wageni yapate nafasi.

Jioni hiyo ndipo tembo walipokuja. Kundi zima, mama mbele, watoto katikati, wakivuka njia mita thelathini kutoka kwenye gari. Mjomba Kunguni alizima injini kama inavyotakiwa. Bibi alisimama kwenye uwazi wa paa, miwani machoni, na akaanza kuwahesabu kwa sauti ya darasani. "Kumi na moja. Kumi na mbili. Tazameni yule mdogo, hajui hata mkonga wake aupeleke wapi!" Wajukuu wakacheka. Kumi na tisa, ishirini.

Kisha mjukuu mkubwa akauliza, "Bibi, mbona dereva amelala?"

Mjomba Kunguni alifungua macho na kukuta jike kubwa limesimama mbele ya boneti, masikio limeyatandaza, na yeye hajui limefika lini. Mkono wake ulikuwa umening'inia mbali na ufunguo. Tembo yule akawatazama, akapuliza vumbi, akaona hawana maana, akaenda zake.

"Wewe bwana!" akafoka mtu wa simu mbili. "Una watu hapa nyuma! Una watoto!"

"Nisamehe, baba. Una haki ya kufoka."

Alisema kweli, mtu yule alikuwa na haki. Mjomba Kunguni alirudi hotelini akiendesha taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Kesho yake asingekuwa amesimama, injini imezimwa. Angekuwa kwenye mteremko. Akilini akamwona Kocha kitandani, na nyuma ya Kocha akaona miwani ya bibi na miguu midogo ya wale watoto, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa mnyama yeyote.

Akaenda kwa meneja mara ya mwisho, akaambiwa yale yale. Akampigia mkewe.

"Nikiandika, watanifukuza," akasema. "Mtoto wa mwisho bado yuko chuo. Umri wangu huu nani ataniajiri?"

Mkewe si mwanamke wa kupiga porojo. "Mimi nimeolewa na mtu," akasema. "Sikuolewa na gari. Andika, kisha urudi."

*

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi madereva wanne walipanga foleni mapokezi. Wageni walikuwa wakinywa chai, mabegi yao yamepangwa mlangoni. Kipara alikuwa wa kwanza. Akasaini haraka, bila kuisoma karatasi, macho yake mekundu kama nyanya.

"Kipara," akasema Mjomba Kunguni, "umelala kitandani?"

"Mimi nina watoto, Mjomba."

"Na hao unaowabeba wana wazazi."

Kipara akamkabidhi dada wa mapokezi karatasi yake. Akawachukua wageni wake na kuondoka, na hatumlaumu sana, maana njaa ya nyumbani kwa mtu anaijua mwenyewe.

Mjomba Kunguni akachukua kalamu. Akayakata kwa mstari maneno yaliyochapwa, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: NIMELALA SIKU MBILI KWENYE KITI CHA GARI. JANA NILISINZIA NIKIWA NA WATU WATANO. SIKO TIMAMU. Akatia saini, akaongeza na tarehe.

Dada wa mapokezi alisoma, akairudisha karatasi kana kwamba inaunguza. "Mjomba, hii mimi siwezi kuituma."

"Kazi yako kupiga picha, dada yangu. Kuandika ni kazi yangu."

Dada akaituma. Haikupita dakika tatu simu ya kaunta ikalia, na bosi alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba wageni waligeuka kutoka kwenye chai zao. Mjomba Kunguni akabonyeza kitufe cha spika. "Sema, bosi. Wateja wako wako hapa, wasikie wote."

"Umechanganyikiwa? Gari halina bima sasa! Chukua fomu nyingine, andika upya, ondoka!"

"Sitaandika upya."

"Basi kazi huna! Umenisikia? Acha funguo hapo kaunta. Namleta dereva mwingine, anatoka kushusha wageni mpakani, ameshaingia barabarani, saa nane mchana atakuwa hapo."

"Sawa," akasema Mjomba Kunguni. "Swali moja tu. Huyo anayekuja, usiku wa kuamkia leo amelala wapi?"

Bosi akarudia kwamba funguo ziachwe kaunta. Bibi alikuwa ameshainuka kwenye kiti chake. Alisogea mpaka kaunta, akavaa miwani, akaichukua ile fomu akaisoma yote, akaiweka chini.

"Umeulizwa, baba," akaiambia simu. "Jibu."

"Mama, hayo ni mambo ya ndani ya kampuni."

"Ndani ya kampuni humo mimi simo. Mimi nimo ndani ya gari. Amelala wapi?"

Bosi akasema atapiga tena. Mtu wa simu mbili akaanza kwamba kesho ana kazi, ana kikao, hawezi kukaa hapa kwa sababu ya ugomvi wa dereva na tajiri yake. Mkewe akamshika mkono. "Jana umefoka kwamba kasinzia na watoto," akamwambia. "Leo amekataa kusinzia na watoto, unafoka tena. Unataka afanye lipi?" Mume akatafuta jibu kwenye simu ya kwanza, akatafuta kwenye ya pili, halafu akakaa chini.

"Mwanangu," bibi akamwambia Mjomba Kunguni, "chumba changu ni changu mpaka saa nne. Kitanda kipo, nenda ukalale."

Meneja alikuwa ameshafika, shati limenyooka vilevile. "Haiwezekani, mama. Kanuni zetu dereva haruhusiwi kulala chumba cha mgeni."

"Tulia, meneja, hatugombani," akasema Mjomba Kunguni. "Asante sana, mwalimu, Mungu akubariki. Lakini kitanda chako sikitaki. Nikilala kwako leo, kesho mwenzangu atakayekuja na mgeni asiye na huruma atalala wapi? Mimi sitaki kitanda cha kuhurumiwa. Nataka kitanda cha dereva." Akamgeukia meneja. "Fungua bweni."

"Nimeshakwambia..."

"Una magodoro thelathini na mawili mle ndani. Nahitaji moja, kwa saa saba. Usipofungua, mimi nitakaa hapa kaunta, siendeshi, na wageni hawa watano watabaki kwenye namba saba na namba nane, na kila basi likishusha watu mlangoni nitawasomea karatasi hii. Unajua jina langu. Ulizia nimelipataje."

Meneja akamtazama dada wa mapokezi. Dada akawa anapanga kalamu. Nje, basi dogo la wageni wapya lilikuwa likikata kona ya lango. Meneja akatoa rundo la funguo mfukoni, akatembea kwenda nyuma bila kuaga mtu.

Mjomba Kunguni alilitoa godoro la juu mwenyewe. Hakulivua nailoni, alilitandaza sakafuni vilevile, akavua viatu na kuvipanga. Wale madereva wawili wa kampuni nyingine, ambao wageni wao walikuwa bado wanakula, walisimama mlangoni wakimtazama. Mmoja akaingia, akashusha godoro la pili. Wa pili akasita, akakuna kichwa, akaenda zake garini. Nailoni ilikuwa ikilia kila alipojigeuza, lakini Mjomba Kunguni hakujigeuza sana. Alilala tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri, mdomo wazi, na kuota hakuota kitu.

Huyo dereva mwingine hakutokea. Baadaye ilijulikana kwamba bibi alimpigia bosi, akamwambia gari lolote litakaloletwa, kwanza atamsahihisha dereva wake kama anavyosahihisha mitihani. Bosi akaona bora mzee Kunguni awarudishe.

Kwa kuwa mteremko ule hauendeshwi usiku, waliondoka kesho yake alfajiri. Usiku huo Mjomba Kunguni alilala tena bwenini, na safari hii alitoa nailoni; asubuhi akaisaini fomu bila kukata neno. Barabarani bibi alikaa kiti cha mbele na kumuuliza majina ya ndege mmoja mmoja, naye akayataja yote. Kona ishirini na kitu wakazipita kama watu wanaotembea sebuleni kwao. Walipoagana mlangoni kwao, mtu wa simu mbili alishika mkono wa dereva, akaushika kwa muda, akasema, "Mzee, jana nilikosea." Kwa mtu kama yule hayo ni maneno mengi.

*

Ofisini bosi alikuwa na barua tayari, imechapwa na kugongwa muhuri. Hakumwambia akae.

"Miaka ishirini na minane nimekulea," akasema. Alidanganya, maana kampuni yenyewe ina miaka kumi na sita. "Nimekwambia andika upya, ukanidharau mbele ya wateja. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Kocha alisikia, bosi," akasema Mjomba Kunguni. "Alisikia kila ulichomwambia. Guu lake limevunjika mara tatu."

Mhasibu kwenye meza ya pembeni akainamisha kichwa. Bosi akasukuma barua mbele. "Funguo."

Mjomba Kunguni akaziweka juu ya meza. "Gari lako halina mkwaruzo. Wateja wako wote wako kwao. Na mimi nina akili zangu."

"Utarudi hapa kuniomba."

"Huenda nikarudi, nina mtoto chuoni, sitakudanganya. Lakini siku hiyo nitakuja nimelala."

Akaichukua barua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Alijua kwamba usiku huo yeye na mkewe wangekaa mezani na kuzungumza mambo magumu. Hofu ilikuwapo, haikwenda popote. Aibu ndiyo aliyoitafuta ndani yake akaikosa.

Kwenye benchi la nje aliketi Kipara. Alikuwa amerudi jana yake usiku wa manane, akapangiwa safari nyingine leo hiihii, saa nane za barabara. Fomu ilikuwa gotini, kalamu mkononi, na bado hakuwa ameandika kitu. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko juzi.

"Nimesikia mliyozungumza humo," akasema kwa sauti ya chini. "Mlango haufungi vizuri."

"Basi umesikia."

"Mjomba." Kipara akaigusa fomu kwa ncha ya kalamu. "Hapa juu naandikaje?"

"Andika ulikolala."

Kipara akatazama mlango wa bosi. Akatazama gari lake lililoegeshwa uani, kiti cha mbele bado kimelazwa nyuma. Kisha akainama na kuanza kuandika.